Mwaridi Usiokufa wa Ilford

Adelina alipokwenda Bukoba kumuuguza mama yake, alimwachia mumewe Evodius kazi moja tu katika bustani yao ya Ilford: kulifukia kwa udongo fundo la mwaridi kabla sakitu, baridi ile ya kugandisha, haijaanza. Mwaridi wenyewe ulikuwa wa kubebesha, tawi la maua ya manjano juu ya mizizi ya mwaridi mwitu, na fundo ndipo viwili hivyo vilipoungana. Evodius alimnunulia mkewe mwaka walioingia London. Tangu hapo hakuna mgeni aliyekunywa chai nyumbani mle bila kuonyeshwa mmea ulioshinda baridi zote za Uingereza, sawasawa na ndoa yao.

Fundo hakulifukia. Mtu aliyekulia migombani afundishwe kupanda na nani? Sikio la kufa halisikii dawa.

Februari sakitu ikashuka, matawi yakawa meusi. Aprili, chini ya fundo, likachomoza chipukizi nene, na Evodius akafurahi kweli. Kwao mgomba ukichoka hukatwa, mtoto akarithi. Akaleta msumeno, akamkata mama.

Nishma, jirani aliyezaliwa Mombasa, alikuwa akimtazama juu ya uzio.

"Baba Deus, umefanya nini? Hilo si mtoto wake. Ni ile mizizi ya mwitu inajiotea. Ya manjano ndiyo hiyo umekata."

"Lakini litatoa maua?"

"Litatoa. Madogo, meupe. Na mke wako si kipofu."

Evodius akaliokota tawi alilolikata. Adelina alikuwa anarudi Jumamosi, na kitu pekee alichomkabidhi kilikuwa mkononi mwake, kikavu kama kuni. Kesho yake akazunguka kila garden centre, maduka ya miche, mpaka akapata mwaridi wa jina lilelile, akaja kung'oa kisiki alichokiacha na kuchimba shimo palepale.

Jembe likagonga kitu kigumu. Kilikuwa kisiki kingine cha mwaridi, cha zamani, fundo lake bado linaonekana. Pembeni yake kilikuwapo cha pili.

Akachuchumaa. Mwaridi aliowaonyesha wageni miaka yote ulikwisha kufa mara mbili, na Adelina alikuwa ameuzika na kununua mwingine kimyakimya, mume asije akakosa la kujivunia. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na katikati ya haya ile akajua anapendwa. Akakilaza kisiki chake karibu na wenzake, akapanda mwaridi mpya, na fundo akalifukia hata lisionekane.

Jumamosi Adelina alipitiliza bustanini kabla ya kuvua koti. Mama yake alikuwa amepata nafuu, na uso wa Adelina ulionyesha.

"Umeutunza," alisema.

"Mwaridi huu haufi, Mama Deus."

Adelina aliukanyaga udongo kwa ncha ya kiatu. Ulikuwa laini, umetoka kutifuliwa.

"Kweli haufi," alisema. "Umekuta visiki vingapi?"

Evodius akakohoa.

"Viwili."

"Basi hukuchimba sana."