Shahidi wa Velo ya Ruffin

Ruffin hakuwahi kujua kukaa. Hata kwenye misa, padri akisema tuketi, mguu wake wa kulia ulibaki unakanyaga kama wa fundi cherehani. Jumapili ile mguu ulizidisha, mpaka mama mmoja wa benchi la mbele akageuka kuuliza kama ni tetemeko.

Tetemeko lilikuwa ndani ya Ruffin. Saa tatu, mbele ya kinyozi wa Majengo, safari ya kwanza ya "Velo za Mbele ya Lava" ilikuwa ianze: velo kumi na moja, mpaka ziwa la Lac Vert na kurudi. Na kiongozi wa safari, yaani yeye mwenyewe, hakuwa na haki ya kupanda.

Haki hiyo alijinyima kwa mdomo wake. Group aliifungua kwenye WhatsApp, akitafuta watu wenye baiskeli za zamani, zile za chuma kizito, breki za fimbo, na taa isiyowaka mpaka ukanyage. Watu wakaja. Akaja pia Lionel wa Katoyi, na velo ya gia ishirini na moja, mpya hata nailoni ya usukani haijatoka, akiapa ni ya babu yake. Ruffin akamwambia mbele ya watu kwamba babu huyo bila shaka bado ananyonya. Wakacheka, naye kicheko kikamlevya, akatunga sheria palepale: haiingii barabarani velo ambayo haikuwako Goma mbele ya lava ya 2002, yaani kabla mlima haujapasuka, na mwenye velo alete shahidi, mtu mzima. Joyeuse, mwalimu wa primeri aliyeshika liste ya majina, akaiandika kwa kalamu ya bic nyekundu. Alhamisi akamuuliza Ruffin: na wa kwako ni nani?

Kila mtu wa group alijua hadithi ya velo ya Ruffin: siku ya lava ilimbeba koko wake, mama ya mama yake, kutoka Majengo mpaka Sake, sufuria ya maharagwe juu ya magoti, na halikumwagika hata moja. Jinsi alivyoisimulia, ungedhani yeye ndiye aliyekanyaga. Kumbe mwaka ule hata baba na mama yake walikuwa hawajafahamiana. Velo aliinunua mwaka jana kwa fundi wa Katoyi, imelala chini ya mabati. Koko alikimbia kwa miguu, upande wa Gisenyi, na sasa alikuwa marehemu, hawezi kumsaidia wala kumuumbua.

Ndipo alipokumbuka muzee Adalbert, mtu wa Masisi aliyehamia Majengo zamani na kuzeekea hapo. Alimwomba sentensi moja tu: hii velo niliijua mbele ya lava. Malipo, kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Muzee alikubali bila kuuliza hata rangi yake. Alisema katika maisha amejua velo nyingi, moja zaidi haimwongezei mzigo.

Saa tatu ikapita. Velo kumi zimepangwa, kengele zinalia, mashahidi wameshasikilizwa. Ruffin alitazama telefone, akatazama barabara, akazunguka velo yake mara ya nane. Kila alipoiinamisha, kitu kiligonga ndani ya bomba la kiti: tek. Kiligonga hivyo tangu aliponunua. Boloni ya kiti ilikuwa imeshikwa na kutu, hajawahi kuifungua, kwa hiyo alikuwa anawaambia watu ni moyo wake. Lionel naye alikuwapo, ameegemea gia zake ishirini na moja, amekuja kutazama tu.

Muzee akafika na koti la misa. Joyeuse akamsalimu vizuri, akamwonyesha velo, akauliza kama anaijua. Muzee alishika usukani bila haraka. Akainua gurudumu la mbele.

Tek.

Akalishusha, akaliinua tena. Tek. Sentensi ya kidumu ikamtoka kichwani kabisa.

"Hii ilikuwa yangu," akasema.

Ruffin akamkonyeza: chumvi ipunguzwe. Muzee hakumwona. Alieleza kwamba siku ile velo ilikuwa na kadena, kufuli yake, kwenye gurudumu, na ufunguo wa kadena aliufunga uzi, akauficha ndani ya bomba chini ya kiti, maana wezi huanza na mifuko. Mlima ulipopasuka akavuta uzi, uzi ukakatika, ufunguo ukazama. Na lava ikitembea, nani anakuazima spana?

"Na koko ya Ruffin," Lionel akauliza kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "alikaa wapi?"

"Mutoto, ile siku hii velo haikubebaka mutu. Miye njo niliibeba, ku bega, mpaka Sake. Kule nikaiuza na kadena yake."

Mtu akaleta spana na mafuta. Boloni ililia, ikakubali. Wakaipindua velo, na kiganjani mwa Joyeuse kikaanguka kifunguo chekundu kwa kutu.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma Ruffin. Joyeuse alifungua liste, akamtazama jinsi anavyowatazama wanafunzi. Mguu wa Ruffin ukasimama.

"Nilidanganya," akasema. "Koko alienda kwa miguu. Hii nilinunua Katoyi. Na Lionel aingie, uongo wake na wangu ni kilo moja."

Joyeuse aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Kisha akasoma: velo ina shahidi, itapita, Lionel atakaa nyuma kabisa, Ruffin hana velo ya kuongoza, kwa kuwa ushahidi unamtaja mtu mwingine.

"Niliibeba," muzee alisema akikunja suruali. "Leo inibebe."

Kabla kiti hakijakazwa, aliuomba ufunguo, akaurudisha ndani ya bomba. Bila huo, alisema, hataisikia. Halafu akamwonyesha Ruffin porte-bagages, pale nyuma watu wanapofunga mzigo, akamwamuru atulize miguu, velo isiyumbe.

Wakaondoka, kengele kumi na mbili zikilia pamoja. Ruffin magoti juu, mikono kwenye koti la muzee, hana pa kukanyaga. Walikuwa hawajatoka Majengo sauti ya Lionel ilipofika kutoka nyuma:

"Koko, shika sufuria vizuri."

Ruffin akageuka amjibu. Lakini velo iliingia shimo, bomba likagonga, tek, naye akashika.