Nyumba ya Jerotich Yavuka Laga

Kwa miaka thelathini na moja Jerotich alikaa nyuma ya meza katika ofisi moja ya serikali mjini Lodwar, akigonga muhuri kwenye barua za safari za watu wengine. Walikwenda Mombasa, walikwenda Kisumu, na mmoja, Mungu anamwona, alikwenda "semina" iliyokuwa harusi ya dada yake. Yeye aligonga tu. Alipostaafu alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mkate, akalitia kitanda, jiko, kabati, tangi la maji na mapazia ya maua. Akachongesha na muhuri wake mwenyewe: NIMEFIKA.

Watu walimcheka, na aliyecheka zaidi ni Levis, mumewe. Jerotich alikuwa ameandika daftarini vituko vinne vya barabarani ambavyo lazima avione, na Levis aliapa kwamba gari hilo halitavimaliza. Wakawekeana sharti. Likikwama, jua likatua kabla hawajalitoa, linauzwa kwa Gitau, muuza chipsi, ambaye tayari alikuwa amelipima mahali pa kutoboa dirisha.

Kainuk walimkuta kinyozi anayenyolea wateja ndani ya teksi isiyo na magurudumu. Lokichar wakanywa chai katika hoteli ambayo viti vyote ni mapipa, na kila pipa lina jina lake. Kwenye mawe ya Kalokol, ambapo mpita njia huongeza kijiwe juu, Levis aliongeza viwili kwa ujeuri tu. Kila mahali daftari likagongwa. Kilibaki kimoja: twiga wa mikebe ya mafuta ya kupikia, mrefu kuliko nguzo ya stima, aliyeundwa Kakuma na Chuol, mkimbizi kutoka Sudan Kusini.

Karibu na Kakuma daraja lilikuwa likitengenezwa, na magari yalielekezwa kupita ndani ya laga, mto mkavu wa mchanga mtupu. Malori yalipita. Gari la Jerotich lilifika katikati, likakohoa, likazama mpaka ekseli.

Wakachimba. Wakatandika matawi. Dereva wa lori akawafungia kamba, kamba ikakatika. Saa tisa alasiri Levis alirudi kukaa garini, akatoa simu mfukoni akaitafuta namba ya Gitau, na hilo lilimuuma Jerotich kuliko kicheko. Alitamani kulia, akajizuia kwa hasira.

Ndipo Nakiru, mama wa Kiturkana aliyekuwa akihama na mbuzi wake, akateremka lagani na punda wanne.

"Ejok," alisalimu. Akachungulia ndani ya gari, akacheka hadi akashika mlango. "Mama, unahamisha nyumba na vitu yote ndani? Sisi tukihama tunafungua nyumba kwanza. Miti kwa punda hii, ngozi kwa ile, mtungi kwa ile ingine. Wewe umepatia punda moja nyumba mzima, na mzee amekaa juu!"

Jerotich naye akachungulia ndani. Kitanda alikuwa amekikaza sakafuni kwa bolti kumi na mbili. Tangi lilijaa pomoni. Miaka yote ofisini alifunga mafaili yasitikisike, na nyumba yake akaifunga vivyo hivyo.

"Levis," alisema, "leta spana!"

Wakafungua kila kitu. Maji hayakumwagwa hata tone. Yaliingia kwenye mitungi ya Nakiru, na yaliyozidi wakanywa mbuzi. Kabati likapanda punda. Kitanda kikavushwa na watu wa malori, wakiimba kama wanaopeleka mahari. Kisha Jerotich akashika usukani, wengine wakasukuma, na gari likachomoka mchangani kama mtu aliyevua koti zito.

Jua lilikuwa bado juu ya miti. Jerotich alipiga vigelegele hadi punda wakakimbia, na Nakiru akampokea kwa vyake. Hakuwahi kufurahi hivyo maishani, hata siku ya harusi, na alimwambia Levis hivyo hivyo.

Walirudisha vitu vyote garini, wakafika Kakuma, wakamkuta Chuol chini ya twiga wake, watu wamemzunguka. Jerotich akagonga ukurasa wa nne kwa nguvu. Alipoinua macho, hakuna aliyemtazama twiga tena. Wote walikuwa wamezingira gari, wakishika mapazia, wakiuliza kitanda kinalaliwa vipi.

"Mama, hii ndiyo kituko," Chuol alisema. "Twiga yangu haijawahi kutembea hata siku moja."

Sauti ikasikika kutoka ndani: "Polepole, msisukumane! Hapa ndipo tunapopikia. Kitanda tulikifungua wenyewe, tukavuka laga!" Alikuwa Levis, kifua mbele, akiwaonyesha watu nyumba.

Simu yake ikaita.

"Gitau," alisema, "hili gari haliuziki. Nipigie baadaye, nina wageni nyumbani."