Fundi Aliyefika Kazini Mara Mbili

Jumatatu saa mbili na dakika tano asubuhi, fundi wa mfumo endeshi wa kompyuta alimpa mlinzi kitambulisho chake. Mlinzi akaangalia daftari.

"Kaka, ulishaingia."

"Saa ngapi?"

"Saa mbili kamili. Andika tena hapo chini, usinivurugie ukurasa."

Akaandika, akapanda ngazi. Mezani alijikuta ameshakaa, shati lilelile, kidevu kimekatwa na wembe palepale. Yule aliyetangulia akasogea kumpisha. Wenzake waliuliza nani atatafuta kiti kingine, wakaendelea na kazi.

Kuwa wawili kulimfaa. Miezi saba alikuwa akisaka hitilafu moja peke yake. Mfumo wake uliendesha mashine za kusafisha damu hospitalini, na dada yake mkubwa aliunganishwa kwenye mojawapo mara tatu kwa wiki. Mara mbili mashine ilikuwa imeganda, imekwama kabisa, damu yake ikiwa nje, kwenye mipira. Mara ya pili alizimia. Daktari alisema moyo wake hautavumilia ya tatu.

Ndani ya mfumo kuna kiunganishi. Programu haibebi kila kitu. Ikihitaji kipande, kiunganishi hukitafuta maktabani, hukiandaa, kisha huonyesha kilipo. Kazi ya karani wa stoo tu. Lakini programu moja huwa na nyuzi kadhaa, yaani mifuatano ya hatua inayokwenda kwa pamoja, na nyuzi mbili zikiomba kipande kimoja kwa wakati mmoja, uzi wa pili huambiwa kiko tayari kabla hakijaandaliwa. Hapo mashine huganda. Fundi alijaribu kuiamuru programu iandike ujumbe kila hatua ili aone inapokosea. Ujumbe ulizichelewesha nyuzi kidogo, zikapishana vizuri, na hitilafu ikajificha. Akiuondoa, inarudi.

Sasa waligawana: mmoja uzi wa kwanza, mwingine wa pili, wakifuata mistari ya programu kwenye karatasi walizobandika sakafuni. Siku tatu hawakupata kitu, kwa sababu walikuwa wanaongea. Mmoja akisema "pita wewe," mwenzake alipita, mambo yakaenda sawa. Alhamisi wakapeana migongo, wakafunga midomo. Saa tano na robo wakaukanyaga mstari mmoja kwa pamoja. Wa pili akaingia kwenye kipande ambacho hakijaandaliwa, akabaki mguu mmoja hewani, sakafu haijafika. Mwenzake akamvuta kwa mkanda. Mfanyakazi wa usafi akalizunguka lile shimo na kuendelea kudeki.

Kufuli, ile amri inayouzuia uzi wa pili usiingie mapema, lilikuwa linaachiwa kabla ya maandalizi kwisha. Wakalisogeza mistari miwili chini. Mashine ya majaribio ikawashwa mara laki moja, haikuganda.

Bosi alisoma ripoti yote, akaisifu. Kisha akaeleza kwamba mashine za hospitali zilipewa cheti zikiwa na mfumo wa zamani. Kubadili hata mstari mmoja ni kuanza ukaguzi upya, mwaka na nusu.

"Inaganda mara moja katika mia mbili," alisema. "Si mbaya."

"Hiyo moja inamkuta mtu."

"Nani?"

"Dada yangu."

"Pole sana, bwana," alisema bosi, na alimaanisha. Akafunga faili.

Tangu hapo mmoja hubaki ofisini, akituma ombi lilelile la marekebisho kila wiki. La juzi lilikuwa la kumi na tisa. Mwingine hukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya dada yake, kidole kwenye swichi.

"Mdogo wangu, huyo mwenzako amekula?"

"Amekula."

Jana mashine iliganda. Akaizima, akaiwasha, sekunde tisa, damu ikatembea tena kabla moyo haujachoka. Dada akapumua, akatazama kitanda cha jirani, alipolala mama mmoja, macho kayafumba.

"Na huyu anaangaliwa na nani?"

Fundi akaupima mkono wake wa kushoto kwa macho, akasogeza kiti katikati ya vitanda viwili, akaweka kidole kwenye swichi ya pili. Vilibaki vitanda kumi bila mtu kwenye swichi.