Shingo Tupu

Nilivua shanga zangu Jumatatu, na kufikia Alhamisi mume wangu alikuwa amekufa.

Hakufa kweli. Adome alikuwa Kakuma akiuza mbuzi, mzima kabisa, anakula vizuri kuliko mimi. Lakini hapa Nawoitorong, mke wa Mturkana akionekana shingo tupu watu hawaulizi. Wanajua ni msiba.

Mimi nilivua kwa sababu ya joto. Hedhi ilikoma mwaka jana, na tangu hapo moto unanipanda kifuani hadi usoni, jasho linanitiririka, usingizi umenikimbia. Muuguzi aliniambia nipunguze chai kali na pilipili, nivae pamba nyepesi, nitembee asubuhi kabla ya jua kuwa kali, na shingo niiache ipumue. Nikatii yote, bila matumaini wala huzuni. Siku hizi kila kitu nakifanya hivyo. Nimeingiwa na ganzi.

Majirani walipoingia na unga na sukari, wakakaa mkekani, sikuelewa mara moja. Murayo, Msomali mwenye duka la mbele, akanishika bega.

"Pole sana, mama. Mzee ilikuwa mtu mzuri."

Nilitaka kumsahihisha. Kwanza nikajipima kama nina uchungu, nikaukosa. Hilo lilinitisha kuliko msiba wenyewe.

Kesho yake Adome akafika, vumbi hadi kwenye nyusi. Kuna mtu alikuwa amepiga simu yake kuuliza atazikwa wapi.

"Ejok," alisalimu mlangoni. "Akai, mimi nimekufa?"

"Bado."

"Basi vaa shanga. Watu watagawana mbuzi yangu."

Nikamweleza yote, hata ya aibu. Kwamba tangu nivue, ninalala. Kwamba sijui kama ningemlilia. Alizigeuzageuza zile shanga mkononi kwa muda mrefu, kisha akazitundika kwenye msumari.

Asubuhi nilipotoka kwenda kutembea, nilimkuta nje na fimbo yake.

"Twende. Wakiona shingo yako, waone na mimi."

Sasa tunapita sokoni hivyo kila asubuhi. Goti lake bovu, anahema, na hataki kurudi nyumbani mapema. Bado sihisi mengi. Ila jana alibaki nyuma, nami nikageuka kumtafuta kabla sijajua kwamba nimegeuka.