Dawa ni Bure, Chupa Njoo Nayo

Zahanati yetu ilipofunguliwa, mwaka wa sabini na tano, tulicheza ngoma siku mbili. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa mwaka mmoja tu, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Zamani mtu akiugua alibebwa kwa machela mpaka Handeni mjini, au alilala ndani akisubiri kupona mwenyewe. Sasa tulikuwa na jengo la matofali tuliyoyafyatua kwa mikono yetu, bati juu, na dresa aliyeletwa na serikali. Dresa ndiye aliyekuwa daktari wetu. Jina lake Yordani, Msambaa wa milimani, kijana mwembamba asiyependa maneno mengi.

Matibabu yalikuwa bure. Redio ilisema, na katibu wa kijiji akarudia mkutanoni mara nyingi mpaka watu wakacheka. Lakini kando ya dirisha la dawa Yordani alibandika karatasi: DAWA NI BURE. CHUPA NJOO NAYO. IWE SAFI NA ISIWE NA HARUFU.

Dawa za maji zilikuja kwenye galoni kubwa, naye hakuwa na kitu cha kumpimia mtu aende nayo nyumbani. Vikombe alivikataa tangu mbuzi alipokunywa dawa ya mtoto iliyoachwa kizingitini.

"Mbuzi hakuumwa tena," Yordani alisema. "Mtoto ndiye aliyerudi hapa."

Kibuyu nacho alikikataa, maana kinanyonya dawa na kunuka maziwa. Ilibaki chupa, na chupa kijijini kwetu zilikuwa adimu kuliko nyama.

Mimi nilikuwa nayo. Mume wangu Mwinjuma alikuwa kibarua kule Hale, kwenye mitambo ya umeme, na siku moja alirudi na chupa nyeupe yenye kizibo cha kusokota. Nilitembea nayo kijiji kizima kama mtu aliyenunua kanga mpya. Mwana wa jirani yangu Mashavu alipokohoa, nikamwazima. Kisha nikasahau.

Masika yalipoanza, mwanangu Hajira, wa mwaka mmoja na nusu, aliamka asubuhi akiwaka homa, hataki ziwa, hataki kushikwa. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alimgusa shingo akasema, "Funga mbeleko, twende." Hatukumaliza hata chai.

Foleni ilikuwa ndefu; zamu yetu ilipofika, Yordani alimpima, akampa kijiko cha dawa ya homa hapo hapo. Ilikuwa chungu, Hajira alikunja uso kama bibi kizee.

"Hiki ni cha kwanza," akasema. "Vilivyobaki ni vya siku tatu. Asipomaliza, homa itarudi na nguvu zaidi. Chupa iko wapi?"

"Ipo kwa jirani."

"Basi ifuate upesi, mama. Saa sita lori linanipitia kwenda Korogwe kuchukua dawa. Kwa mvua hii mto ukijaa, sitarudi hata wiki."

Nilitazama kivuli cha ukuta. Saa tano ilikuwa imeshapita. Bi Tatu akamchukua mtoto.

"Kimbia," akaniambia. "Mimi nitakaa na mjukuu wangu, na huyu dresa nitamkalia mlangoni."

Mashavu alikuwa anasonga ugali. Alipoona ninavyohema, mwiko ukasimama.

"Ole wangu! Mama Hajira, ile chupa nilimpa Mwalimu Athuman. Alikuwa anaandika aya za kombe kwa ajili ya yule mjamzito wa mstari wa nne, hana pa kutia maji yake ya kunywa. Nikaona aibu kumnyima." Aliepua sufuria, akakaza kanga. "Twende wote. Unga utanisubiri."

Mwalimu Athuman wa madrasa tulimkuta barazani na watoto wake wa juzuu. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu, akaitikia, akasikiliza bila kunikatiza.

"Yule mama alikwisha kunywa, na amejifungua salama, alhamdulillahi. Chupa niliisafisha kwa majivu na maji ya moto, nilikuwa naileta kwako. Njiani nikamkuta Mzee Isihaka amesimamishwa na kikohozi, ametoka kwa dresa mikono mitupu. Ungekuwa wewe ungepita?"

Nisingepita. Nikasema hivyo, tukaondoka mbio.

Mzee Isihaka alikuwa mrina asali, mjane, mtu wa maringo. Nyumba yake ndiyo ya mwisho, karibu na mizinga yake. Chupa yangu niliiona kabla sijapiga hodi. Ilikuwa imesimama dirishani, inameta kwa jua, na ndani yake kulikuwa na mafuta ya taa.

Nikakaa chini pale pale kwenye tope.

"Mzee," Mashavu akasema, "umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Nimepona kikohozi, nikanunua mafuta ya taa. Chupa ina kizibo kizuri."

"Ni ya dawa hiyo! Ya Mama Hajira! Mtoto ana homa, dresa anaondoka saa sita, na harufu ya mafuta ya taa haitoki hata uisugue mpaka Idi!"

Mzee Isihaka alinitazama mimi, akatazama chupa. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amekumbatia chupa nyingine, kubwa kidogo, imejaa asali nyekundu ya kupendeza. Kijiji kizima tuliijua. Alikuwa akiitunza aipeleke Kwaluguru kwa watu anakotaka kuoa.

"Kwa nini isikae kwenye kibuyu siku zote hizo?" Mashavu akamuuliza, huku akikimbilia kibuyu kilichotundikwa.

"Asali ndani ya kibuyu nani ataiona rangi?" akajibu. Akaipindua chupa.

Asali haina haraka, hata mtoto wako awe anaumwa. Ilitoka kwa uzi mmoja mwembamba, ikasimama, ikafikiri, ikatoka tena. Mzee Isihaka aliitikisa. Mashavu aliipiga kitako. Mimi nilipuliza, sijui nilidhani nini. Tukasikia honi ya lori upande wa barabara.

"Maji ya moto!" Mashavu akapiga kelele, akatoka mbio kwa jirani, akarudi na birika la chai la watu bila kueleza. Tukaichovya chupa kwenye beseni la maji ya moto, asali ikalegea, ikaanza kushuka. Watoto walikuwa wameshajaa, wanakinga viganja. Iliyodondoka nje ya kibuyu haikufika chini. Tukasuuza kwa majivu, tukasuuza tena, honi ikalia mara ya pili. Mzee Isihaka akaninyang'anya chupa.

"Wewe umechoka. Mimi nina miguu ya mrina asali."

Alikimbia kweli, shati linapepea, nasi nyuma yake, na watoto nyuma yetu wakilamba vidole.

Lori lilikuwa mbele ya zahanati, linanguruma. Dereva alikuwa chini, amekasirika.

"Nusu saa nzima! Mtu mzima anapoteza ufunguo wa kabati!"

Ndani, Yordani alikuwa amepiga magoti anapekua chini ya kitanda cha wagonjwa. Aliinua daftari, akatazama chini yake. Akafungua droo aliyokwisha kuifungua. Bi Tatu alikuwa amekaa na Hajira mapajani, midomo ameibana kama anayezuia kicheko. Nikafuata macho yake. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye kamba shingoni mwa Yordani, nyuma, juu ya koti lake jeupe, mahali ambapo kila mtu aliuona isipokuwa dereva aliyebaki nje.

Yordani alipotuona alisimama, akapapasa shingo.

"Aa," akasema. "Kumbe uko hapa."

Alichukua chupa, akanusa. Akanusa tena.

"Ina harufu."

"Ya asali, mwanangu," Mzee Isihaka akasema akihema. "Nimeisuuza mara mbili. Asali haiondoki kwa amri."

Yordani aliisuuza mara ya tatu kwa maji yaliyochemshwa, akanusa, akatazama karatasi yake ukutani.

"Dawa hii ni chungu," akasema polepole. "Mgonjwa hatalalamika."

Akapima, akafunga kizibo, akanionyesha mara mbili kijiko cha asubuhi na cha jioni, akaruka garini. Dereva aliendelea kumgombeza mpaka lori likapinda.

Hajira alikunywa dawa yote. Siku ya tatu alikuwa ameketi jikoni anamega ugali wa bibi yake bila ruhusa.

Yordani alirudi baada ya siku tisa, tope hadi magotini, na kikapu cha chupa kumi na moja alizoomba kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni ya Korogwe. Mzee Isihaka alipasua mzinga mkuukuu akatengeneza rafu, akaipigilia chini ya ile karatasi. Anayechukua dawa anachukua chupa, akipona anairudisha imesafishwa. Chupa yangu ilibaki kuwa ya mafuta ya taa, na nilimpa mzee kabisa, maana hakuwa na nyingine.

Nilipompelekea ile yake ya asali, alinikataza nisiingie nayo ndani.

"Iweke rafuni na wenzake," akasema. Nimefika njiani akaniita. "Lakini iweke mbele, Mama Hajira. Wageni waione."

Kuhusu ufunguo, nilimwuliza Yordani siku moja tulipokuwa wawili tu. Aliendelea kupanga chupa zake.

"Sisi watu wa milimani," akasema, "tuna usahaulifu mwingi."