Sahani ya Mama Mureithi

Katika jengo letu lote hapa Joubert Park, huku kusini kabisa mwa Afrika, ghorofa saba na lifti iliyokufa, hakuna anayejua siasa za dunia kunishinda mimi, Zubeda wa Tanga. Nimesoma mpaka darasa la saba. Hilo la saba lenyewe sikulimaliza, na mpaka juzijuzi nilikuwa naamini Gaza ni mji wa Misri. Lakini mdomo ninao, na kwenye siasa mdomo unatosha.

Mlango unaotazamana na wangu alikuwa anakaa Mama Mureithi, Mkikuyu wa Nyeri, aliyekuja kuishi na mwanawe Mureithi wa benki. Kanisani kwao wamesimamisha bendera ya Israeli kando ya mimbari. Mie binti yangu Sumaiya ana kibanda Fordsburg, anauza mitandio, na mlangoni katundika bendera ya Palestina kubwa mpaka wateja hupigana nayo ndipo waingie. Miaka tisa haikutusumbua. Akisema anaiombea Yerusalemu, namwambia, "Ukipita hukohuko niombee na magoti yangu." Tunacheka, tunakunywa chai.

Na tulikuwa na sahani. Nyeupe, ua la buluu katikati, yake yeye. Kwetu Tanga ni aibu kurudisha sahani ya jirani tupu. Ukikosa kabisa unaweka hata ndimu. Nilimfundisha desturi hiyo Ramadhani ya kwanza, naye akaishika kuliko mimi. Basi sahani ikawa haina kwao. Mara inakuja na mukimo, viazi vyao vya kuponda, mara inaondoka na visheti, ikilala kwangu leo, kesho kwake.

Desemba moja alikuja Gikonyo, mtoto wa dada yake, kijana mrefu asiyeshiba. Mwezi mzima, kila asubuhi, yuko mlangoni kwangu: "Shosho, leo hakuna maandazi?" Shosho ni bibi, kwao. Alikuwa akila manne, hayapungui hayazidi, halafu anaosha sahani mwenyewe. Mwaka uliofuata akaenda Israeli kujifunza kilimo, kwenye shamba karibu na mpaka wa Gaza.

Tarehe saba Oktoba wapiganaji wa Hamas walipovuka ule mpaka, walimkuta bandani kwa ng'ombe. Hakupona.

Nilikaa msibani siku tatu, nikaosha vyombo, nikapokea wageni. Kisha mabomu yakaanza kuanguka Gaza, na hayakunyamaza. Ikafika Desemba. Siku hiyo nilitoka Fordsburg, nimeangalia simu ya Sumaiya njia nzima, nikamkuta Mama Mureithi kwenye ujia anaanika taulo.

"Mama Mureithi, umewaona wale watoto? Wanachimbuliwa kwenye vifusi kama viazi."

"Nimewaona. Na wewe si uliona vile Gikonyo alirudi kwa sanduku? Wawaachilie mateka, hayo yote yataisha."

"Mtoto wa miaka miwili kamshika nani mateka?"

"Ile ardhi walipewa na Mungu, Bi Zubeda. Imeandikwa."

"Na waliokuwa wamelala ndani yake, Mungu hakuwaona?"

"Wacha kunifundisha Mungu! Ni watu wenu walimuua kijana wangu!"

Watu wenu. Mie, ambaye hata Pemba sijafika. Hapo ule mdomo niliojisifia ukafunguka wenyewe.

"Na nani alimtuma kwenda kulima shamba la kuporwa?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliikunja ile taulo mbichi vizuri, pembe kwa pembe, akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Sahani siku hiyo ilikuwa kwangu. Baada ya wiki akamtuma Lorraine, mjukuu wake. Lorraine Kiswahili anakisikia ila hujibu kwa Kizungu, akaniambia shosho anataka sahani yake. Kuirudisha tupu ni kumwambia tumemalizana. Kuijaza, niijaze nini? Nilitazama jikoni kwangu kote: unga, mchele, tende. Hakukuwa na kitu cha kufunika neno lile.

"Mwambie imevunjika," nikasema. "Mwambie pole sana."

Karibu miaka miwili ikapita. Tukikutana kwenye ngazi ni "shikamoo" ya mwanawe na kikohozi changu. Nilitaka kumwomba radhi. Kila nikifika mlangoni kwake, namsikia anasali, au nasikia redio inahesabu maiti wengine wa Gaza, nami roho inapanda moto upya, narudi. Lakini kila Ijumaa, sheikhe asisikie, nilikuwa nakaanga maandazi manne, nayaweka kwenye ile sahani, namwombea Gikonyo. Kisha nampelekea Gaël, Mkongo wetu wa getini.

Oktoba hii wakasema vita vimesimama. Fordsburg magari yalipiga honi kila robot, taa za barabarani za huku. Kanisani kwa Mama Mureithi waliimba. Mureithi akanikuta kwenye ngazi, kashika maboksi.

"Bi Zubeda, sasa watagawana. Nchi mbili, kila mtu kwake."

"Sie tuna milango miwili, mwanangu, kila mtu kwake. Umetuona tulivyo?"

Akacheka, kisha akaacha. "Mama anarudi Nyeri kesho. Harudi tena huku."

Nikashika chuma cha ngazi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Saa tisa mlango wangu ukagongwa. Amesimama yeye, kavaa sweta ya safari, kapungua.

"Nimekuja kuaga. Sitaki kuenda kama mwizi."

Nikamkaribisha. Tukakaa, mikono mapajani, kama watu wanaongoja daktari.

"Unafikiri itadumu, hiyo amani yao?" akauliza.

"Itadumu wale watu wakirudishiwa makwao."

"Itadumu Bwana akirudi."

"Basi tutakuwa tumeshakufa sote wawili."

Alitaka kucheka. Nilimwona. Nikafungua kinywa nilitoe lile neno la radhi, nikajisikia nasema, "Ile sahani yako, Mama Mureithi, hata leo inaniuma. Vipande vyake nilivitupa kwa machozi."

"Ni sahani tu," akasema. "Kaa, nitajichotea maji."

Akainuka kuelekea jikoni, kama alivyofanya miaka tisa, kabla magoti yangu hayajanyanyuka kumzuia.

Aliporudi hakuwa na maji. Ameibeba kwa mikono miwili, na maandazi juu yake. Aliyahesabu kwa macho. Nilimwona anafika kwenye la nne, mdomo ukaanza kumcheza.

"Bi Zubeda. Si ulisema ilivunjika?"

"Ilivunjika," nikasema. "Niliiunga na gundi."

Akaketi, akaipakata. Akapitisha kidole ukingoni, taratibu, mzunguko mzima, akitafuta ufa.