Neno la Mtu wa Juu

"Niachie!" mzee alinipigia kelele usoni, na kabla sijamjibu, kamba ikaachia.



Nilikuwa nimeshushwa kutoka paa la ghorofa refu kumwokoa huyo mzee, fundi wa rangi. Jukwaa lake lilikuwa limekatika waya upande mmoja, likabaki linaning'inia kama mlango uliong'oka bawaba, naye kang'ang'ania bomba lake la chuma kwa mikono miwili. Nilimvika mikanda, nikaiunganisha na yangu. Kilichobaki ni yeye kuachia lile bomba. Lakini sikumwambia hivyo. Kwenye kikosi chetu cha uokoaji "achia" ni neno la mtu wa juu: akilisikia redioni, anafungua breki na kamba inashuka. Basi nikambembeleza, "Fungua vidole, baba. Nimekushika."

Hofu ilikuwa imemvuruga akili. Akadhani nataka kumtupa. "Niachie! Niachie!"

Redio yangu ya kifuani ilikuwa wazi. Juu, kwenye breki, alikuwepo shemeji yangu, mume wa dada, mtu makini kuliko sisi sote. Yale mayowe yalimtisha, akaifungua breki yote kwa mara moja.

Tulianguka. Mikono ya mzee ikachomoka kwenye bomba. Nikaona madirisha yakipaa, nikajua nimekufa. Kisha mikanda ikanibana mapajani nusura inikate, tukasimama hewani. Kamba ya pili, ile ya akiba, ilikuwa imetudaka. Aliyeisimamia ni mwenzetu tuliyezoea kumtania kwa kumwita Nanga, maana hasogei mpaka asukumwe. Siku hiyo, namshukuru Mungu, hakusogea.

Ndiye aliyetushusha taratibu hadi chini. Mzee alikuwa mzima. Alitapika kwenye kiatu changu, akaniomba radhi.

Shemeji akatokea kwenye mlango wa ngazi, kalowa jasho chapachapa. Hakusubiri kuona. Kamba ilipomponyoka alisikia watu wakipiga yowe chini, akatimua mbio. Aliponiona akaganda.

"Nilisikia sauti yako," akasema. "Ulisema niachie."

"Ni huyu mzee, shemeji. Mimi nipo, niangalie."

Mkononi alikuwa na simu, na ndani ya simu mwanamke alikuwa akilia kilio cha msiba. Ndipo nikaelewa alichokifanya kwenye ngazi: alishampigia mkewe kumwambia nimekufa. Nikamnyang'anya.

"Dada, ni mimi."

Kilio kikakatika.

"Wewe nani?" akauliza.